Kubeba Neno Bila Kulimwaga

Mwanamke anasimulia kwamba walikuja saa mbili usiku. Mkalimani wake, kijana aliyesoma Kiingereza vizuri na anayetaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana, anaitoa mbili kama mbili, na ofisa anaandika. Hapo hapo tukio limehama. Mama alikuwa anazungumzia wakati ambapo isha imeshaswaliwa, vyombo havijaoshwa, watoto wako macho na majirani wanaonana kwa mwanga wa taa. Faili linasema usiku wa manane, kijiji kimelala. Miezi kadhaa baadaye anahojiwa tena, safari hii na mkalimani anayekumbuka kwamba saa yetu huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na ya usiku tangu linapozama. Huyu anaipeleka sawasawa. Sasa faili lina nyakati mbili za tukio moja, na pembeni mwa karatasi mtu ameandika kwamba maelezo yanapingana. Mama hakudanganya, wala hakusahau.

Watu wanaofundisha wasaidizi wa wakimbizi wa mijini wanaijua hadithi hii kwa sura zake nyingi. Ninaipenda kazi yao, na ninaiheshimu kama ninavyomheshimu fundi wa jahazi anayepitisha kiganja juu ya ubao kutafuta mahali ambapo jicho halioni. Ni kazi ya kukaa kati ya mtu aliyekimbia na ofisi ya mji: kumkalimania, kuandika maelezo yake, kumwonyesha mlango ulio sahihi, na siku ikifika, kusema kwa niaba yake mbele ya wenye mamlaka. Haina sare wala mhuri. Hujifunzwa polepole, kwa kutazamwa na aliyetangulia. Ninapotaka kuieleza sianzii Nairobi wala Kampala, ambako wakimbizi wa mijini ni wengi. Naanzia Handeni.

Handeni maji hubebwa. Nani katika wilaya ile hajawaona kina mama na mabinti wakirudi na ndoo kichwani kutoka lambo au kisima cha mbali, na juu ya maji wameweka matawi mabichi yenye majani ili maji yasirukeruke njiani? Majani yale hayaongezi maji hata tone. Yanachofanya ni kuhakikisha kilichochotwa ndicho kinachofika. Na Handeni hiyo hiyo imeshuhudia watu wakibeba kitu kingine kwa umbali ambao hakuna ndoo iliyowahi kusafiri.

Katika miaka ya 1830 njaa iliibana nchi ya Wazigua. Wengi waliishia pwani na kupakiwa kwenye vyombo vilivyoelekea kaskazini. Masimulizi ya wazao wao husema wengine walidanganywa kwamba wanapelekwa kwenye kazi na chakula. Walishushwa Barawa na bandari nyingine za pwani ya Benadir, Somalia ya leo, wakawa watumwa mashambani. Baadaye makundi yalitoroka hadi misitu ya bonde la Mto Juba, mahali palipoitwa Gosha, na masimulizi hayo yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Wakalima mahindi na ufuta kando ya mto. Wasomali waliwaita Wamushunguli. Wao waliendelea kusema Kizigua, kizazi baada ya kizazi, zaidi ya miaka mia moja na hamsini, katika nchi ambayo hakuna jirani aliyekuwa na haja nacho.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia Januari 1991, wakulima hawa walikuwa na maghala ya nafaka na hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Waliporwa, waliuawa, wakakimbia. Maelfu waliingia Kenya hadi kambi za Dadaab. Wengine walishuka na pwani, kwa miguu na kwa majahazi, mpaka Tanga. Tanzania iliwapa makazi Mkuyu, wilayani Handeni, na baadaye Chogo, wilaya hiyo hiyo. Mtu aliyeandikwa mkimbizi alikuwa amekaa saa chache kwa gari kutoka mahali ambapo babu wa babu yake alichukuliwa.

Hawakuwa na hati yoyote ya kuthibitisha hilo. Walikuwa na maneno. Mtu aliposema kaya kwa maana ya nyumbani, au mgosi kwa maana ya mwanamume, mzee wa Handeni hakuhitaji kuonyeshwa karatasi. Tanzania ilikuja kuwapa uraia, na kufikia mwaka 2009 waliopewa walikuwa wameshapita elfu moja. Ukilinganisha na Warundi zaidi ya 160,000 waliopewa uraia kufikia mwaka 2014, idadi hiyo ni ndogo. Lakini nikiitafakari naona jambo ambalo kila msaidizi wa wakimbizi angepaswa kulisikia siku ya kwanza ya mafunzo: kuna wakati ambapo mkimbizi hana kitu kingine chochote cha kuonyesha isipokuwa namna anavyosema. Anayesimama kati yake na ofisi akilimwaga neno hilo, hakuna cha kuchota tena.

Si wote waliofika Chogo. Waliobaki Dadaab walisubiri miaka. Kama nchi ya kuwapokea, Tanzania ilitajwa, kisha Msumbiji, kisha Marekani ikakubali mwaka 1999. Mwaka 2002 walisafirishwa kwa mabasi kuvuka Kenya yote hadi kambi ya Kakuma kuhojiwa, na kuanzia 2003 watu wapatao 12,000, wenye asili ya Kizigua na makabila mengine ya Kibantu, walianza kupelekwa katika miji ya Marekani. Baadhi walifika Pittsburgh, Salt Lake City, Boise, na wengi baadaye wakahamia Lewiston, mji mdogo wa Maine wenye baridi kali. Hospitalini na shuleni huko, faili liliposema mtu ametoka Somalia, aliitiwa mkalimani wa Kisomali. Wengine hawakukisikia Kisomali hicho vizuri, kwa kuwa nyumbani walisema Kizigua au Kimaay. Na kwa wengine sauti ya lugha ile ilirudisha usiku ambao walikuwa wanajaribu kuuacha nyuma. Walijibu ndiyo kwa kila swali, kama anavyofanya mtu yeyote anayetaka aachwe.

Msomaji atasema, basi angetafutwa Mzigua. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoelewa kwamba lugha zilizotengana kwa karne na nusu zimeshakuwa ndugu waliolelewa nyumba mbili. Kizigua cha Juba kimekopa kwa Kisomali na Kitaliano, na Kizigua cha Handeni kimekopa kwa Kiswahili. Vinasikilizana, lakini kuna vishimo njiani, na mwenye haraka huvikanyaga. Ndiyo maana walimu wa kazi hii hurudia kwamba kujua lugha mbili ni kama kuwa na miguu miwili: kila mtu anayo, ila si kila mtu anaweza kupanda mnazi.

Basi, mkalimani hufundishwa nini? Kwanza hufundishwa kusema mimi. Mama akisema nilijificha kwenye mahindi, mkalimani naye aseme nilijificha kwenye mahindi, si anasema kwamba alijificha. Wanafunzi wengi hulipinga jambo hili mwanzoni kwa sababu linatisha. Ni kama kuvaa kanga ya mtu mwingine. Lakini neno anasema huweka umbali, na katika umbali huo ofisa huanza kuzungumza na mkalimani badala ya mama, na mama huanza kuwa kitu kinachojadiliwa. Kwa sababu hiyo hiyo mkalimani hujifunza hata kukaa: pembeni kidogo, nyuma kidogo, ili macho ya wale wawili yakutane.

Kisha hufundishwa kupima mzigo wake. Kila mtu ana urefu wa maneno anayoweza kuyabeba bila kumwaga. Wa mmoja ni sentensi mbili, wa mwingine ni dakika nzima. Anayeanza hudhani aibu ni kumkatiza msemaji, kwa hiyo anaacha mzee aendelee mpaka kumbukumbu inafurika, halafu anatoa muhtasari. Muhtasari ndio mmwagiko wenyewe. Mkalimani aliyeiva huinua kiganja kidogo, kwa adabu, walivyokubaliana tangu mwanzo, akabeba kilichopo, akarudi kuchota tena. Na ana daftari, ambalo mimi huliona kuwa ndiyo yale majani juu ya ndoo. Haandiki maneno yote. Anaweka mshale kuonyesha nani alikwenda wapi, tarakimu, majina ya watu na ya mito, alama ya kumkumbusha kwamba hapa alinyamaza. Mwisho wa mahojiano karatasi ile huchanwa vipande mbele ya mwenye habari, aone kwa macho yake.

Kigumu kuliko vyote ni kutosafisha. Sisi tumelelewa na tafsida. Mama wa pwani aliyetendewa unyama hatasema neno lenyewe. Atasema walinifanyia vibaya, au waliniharibu, na wasikilizaji wake wa nyumbani wataelewa na kuinamisha vichwa. Mkalimani ambaye hajafundwa hufanya moja kati ya mawili. Ama anasema kwa lugha ya pili lile neno ambalo mama hakulisema, na amemvua nguo hadharani. Ama anaacha walinifanyia vibaya ikapita kama jambo dogo la kusukumwa au kutukanwa, na jeraha lote linapotea kwenye faili. Aliyefundwa hutoa maneno kama yalivyo, kisha kwa ruhusa ya pande zote mbili anaeleza kwamba usemi huu katika lugha yetu hubeba maana zaidi ya moja na kwamba swali la upole laweza kuhitajika. Halafu ananyamaza. Uamuzi wa kufungua au kutofungua unabaki kwa mwenye mwili wake. Nikifikiria jinsi jambo hili linavyohitaji kutendwa ndani ya pumzi mbili tatu, mbele ya ofisa mwenye foleni ndefu mlangoni, sioni kwa nini kazi hii ihesabiwe chini ya kazi ya daktari.

Halafu kuna mitego midogo ya kila siku. Ndugu, kwa mfano. Mtu anasema ndugu yangu aliuawa, ikaandikwa kwamba ni kaka wa tumbo moja. Kwenye fomu ya familia kaka huyo hayupo, kwa sababu alikuwa mtoto wa baba mdogo. Au bibi. Mkongomani aliyefika Kampala kutoka Bukavu akisema bibi yangu alibaki njiani, anamzungumzia mke wake. Mkalimani kutoka Tanga anasikia Kiswahili safi kabisa, hana shaka yoyote, naye anamwambia ofisa kwamba aliyebaki ni nyanya. Makosa ya lugha ngeni hujulisha yanapokuja. Ya lugha yako mwenyewe hupita bila kubisha hodi.

Mafunzo yenyewe huwa na viti vitatu. Mmoja anakaa kama ofisa, mmoja kama mkimbizi, mmoja kama mkalimani, wengine wanatazama. Wanacheza mahojiano ya dakika kumi, kisha mazungumzo ya kilichotokea huchukua saa nzima. Ulipunguza wapi? Kwa nini ulitabasamu ofisa alipotabasamu? Uliongeza neno tafadhali, mzee hakulisema. Halafu viti vinabadilishwa, na anayetoka kwenye kiti cha mkimbizi mara nyingi hutoka kimya kuliko alivyoingia, kwa kuwa ameonja kukaa mbele ya watu wawili wanaosemezana lugha asiyoijua kuhusu maisha yake. Kairo, mji wenye wakimbizi wa Sudani, Ethiopia, Eritrea na Somalia, Chuo Kikuu cha Marekani kilianzisha mwaka 2002 mradi wa kuwafunda wakalimani wa jamii, wengi wao wakiwa wakimbizi wenyewe. Ninautaja kwa sababu ulichukulia ukalimani huo kuwa taaluma inayostahili darasa na walimu. Mahali pengi bado huonekana kuwa fadhila ya binamu anayejua Kiingereza kidogo.

Sambamba na mkalimani yuko msaidizi wa kisheria, na yeye ana ufundi wake, wa kuandika maelezo. Fomu huanza na jina na tarehe ya kuzaliwa. Yeye huanza na shikamoo, pole na safari, umekula? Kisha anaacha mtu asimulie mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, hata kama anarukaruka, hata kama anaanzia katikati. Mara ya kwanza hiyo si ya kuandika sana. Ni ya kumsikia anavyoipanga hadithi yake mwenyewe: nini anakisema mara tatu, nini anakiruka.

Mara ya pili wanakaa na karatasi kubwa na kuchora mstari wa miaka. Hapa ndipo subira inapoonekana, maana watu wengi hawakuishi kwa tarehe. Waliishi kwa misimu, masika na vuli, kuvuna mahindi, mfungo wa Ramadhani, mimba ya mtoto wa tatu. Wakimbizi wengi wa Juba walifika Marekani wakiwa na siku moja ya kuzaliwa, tarehe mosi Januari, kwa sababu fomu ilidai siku na wao walikuwa na msimu tu. Msaidizi mzuri ana kalenda nyingine kichwani. Kwa mtu wa Juba, kuanguka kwa Siad Barre, kisha mafuriko makubwa ya Elinino ya mwisho wa 1997. Kwa mtu wa Goma, Januari 2002, Nyiragongo ulipotema moto na lava ikapita katikati ya mji. Anauliza: ilikuwa kabla ya mlima au baada? Mtoto huyu alikuwa anatembea maji yalipokuja? Na taratibu, bila kumwekea mtu jibu mdomoni, miaka inajipanga.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja maswali ya sheria, na hapo pia kuna adabu. Mkataba wa mwaka 1951 unauliza kama mtu anaogopa kuteswa kwa sababu ya rangi au asili yake, dini, utaifa, kundi la kijamii alilomo, au fikra zake za kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wale wanaokimbia vita na machafuko yanayovuruga nchi au sehemu yake. Hakuna mkimbizi anayekuja akisema mimi ni wa sababu ya nne. Anasema jirani aliniambia nisilale nyumbani. Swali la thamani hapo ni moja, fupi: ulijuaje? Ulijuaje kwamba ni wao, kwamba walikutafuta wewe, kwamba wangerudi? Katika majibu ya ulijuaje ndimo sheria inamokaa. Anayefundishwa kuuliza hivyo bila kumfanya mtu ajione anashukiwa huchukua muda mrefu kujifunza, na wengine hawajifunzi kabisa. Sauti yao hubaki ya polisi.

Korogwe, mwendo mfupi tu kutoka Handeni, ufundi huo unahitajika kwa namna nyingine. Mji ule umekaa njiani. Barabara kuu ya kutoka Segera kwenda Moshi na Arusha inapita pale, na kabla yake ilipita reli ya Usambara, na mkonge ambao Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893 ulifanya mashamba ya Magunga, Ngombezi na mengineyo yavute watu kutoka Kigoma, Ubena, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa. Familia nyingi za Korogwe leo zina babu aliyefika akiwa tarakimu kwenye kitabu cha msimamizi. Nadhani ndiyo sababu mji ule haushtuki kwa lafudhi ngeni.

Siku hizi barabara hiyo inapitisha vijana kutoka Ethiopia, wengi kutoka nchi za Wahadiya na Wakambata za kusini, wakielekea Afrika Kusini kwa mikono ya wasafirishaji haramu. Mara kwa mara hukamatwa mkoani Tanga, wakiwa wamefichwa kwenye malori au wameachwa porini na njaa na kiu. Wengi wanatafuta kazi. Baadhi wamekimbia kitu. Tofauti hiyo haisomeki usoni, na kijana mwenyewe hajui kwamba ni muhimu kuisema. Akisomewa shitaka la kuingia nchini bila kibali kwa Kiswahili, likageuzwa Kiamhari na mwenzake anayejua maneno hamsini, huku lugha yake ya nyumbani ni Kihadiya, atajibu ni kweli. Mtu mmoja tu aliyefundwa, akimpata mapema, anaweza kumuuliza swali ambalo halikuulizwa: ukirudishwa, nini kitatokea?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa anayeomba hifadhi siku saba tangu aingie nchini ajitokeze kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji chochote cha Handeni au Korogwe ni mlango wa hifadhi, ajue asijue. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Haiwaruhusu kusimama mahakamani kama mawakili. Inawaruhusu kuelimisha, kuelekeza, kusaidia kuandaa nyaraka, kusuluhisha. Wengi wao hushughulika na mirathi, talaka, mipaka ya mashamba, matunzo ya watoto. Ninaona fahari katika wazo kwamba mama aliyezoea kuwasikiliza ndugu wawili wakigombea eka tatu, bila kumpendelea yeyote, tayari ana nusu ya ufundi wa kumsikiliza mgeni aliyeshushwa kwenye lori.

Mijini mambo huwa mapana na pia hatari zaidi. Sheria yetu inamtaka mkimbizi akae eneo lililotengwa na atoke kwa kibali, kwa hiyo anayeishi Dar es Salaam bila kibali anaishi akiwa amejikunja, na shirika kama Asylum Access Tanzania, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Dignity Kwanza, limefanya kazi ya kuwasikiliza watu ambao kusikilizwa kwenyewe kunawatia hofu. Msaidizi wa hapo hujifunza mambo madogo yanayolinda: kutolipigia kelele jina la mtu kwenye chumba cha kusubiri, kutoenda nyumbani kwake na gari lenye nembo, kutoacha faili mezani wakati wa chai.

Nairobi ilionyesha kazi hii inafika wapi ikifanywa sawasawa. Desemba 2012 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie makambini. Shirika la Kituo cha Sheria, pamoja na wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini, walikwenda Mahakama Kuu. Ukisoma shauri lile unaona waombaji hawakuja na kilio cha jumla. Walikuja na maisha yaliyoandikwa kwa mpangilio: miaka waliyokaa Nairobi, biashara, kazi, shule za watoto. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja alitengua agizo lile. Serikali haikuwa imeonyesha jinsi watu hawa, hawa hasa, walivyohusika na hatari ya usalama iliyotajwa. Mahakama inapouliza watu gani hasa, jibu haliwezi kutungwa wiki ile. Lazima kuwe na mtu ambaye miaka kabla, kwenye chumba kidogo, aliuliza kwa utaratibu na kuandika kwa uaminifu.

Nairobi hiyo hiyo ndiko zilikopitishwa, mwaka 2007, kanuni za mfano za maadili kwa wanaowashauri wakimbizi kisheria, wawe mawakili au si mawakili: siri, ukweli, kutotumikia pande mbili. Na Kampala, Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza mwaka 1999 kutokana na utafiti wa Barbara Harrell-Bond, yule aliyeanzisha masomo ya wakimbizi Oxford mwaka 1982 na aliyekufa 2018. Alikuwa Mmarekani, lakini kazi yake huniachia swali la mtu yeyote wa hapa mwenye akili timamu: kwa nini tunawahesabu watu kuliko tunavyowasikiliza?

Liko jambo moja ambalo mafunzo mengi hulifikia siku ya mwisho, na lingestahili kufika mapema. Wasaidizi wengi wa mijini ni wakimbizi wenyewe. Siku nzima wanasema mimi kwa niaba ya wengine: mimi nilikimbia, mimi nilimzika mwanangu njiani. Jioni wanapanda daladala au matatu, na hadithi ya mtu mwingine iko kinywani bado, imegusana na yao. Walimu wazuri huwafundisha namna ya kuiweka chini. Kuna wanaonawa uso na kusema jina lao kamili kabla ya kutoka ofisini. Kuna wanaokaa na mwenzao dakika tano bila kutaja kisa chochote, wakiongelea bei ya nyanya. Nisingeyaita haya mambo ya pembeni. Mama wa Handeni akifika nyumbani huinama na kutua ndoo kwanza. Hapiki nayo ikiwa kichwani.

Hatua ya mwisho ya maelezo ni kuyasoma. Msaidizi huyasoma yote kwa sauti, kwa lugha ya mwenyewe, polepole, na humwambia mapema: nikikosea nisimamishe, hata kwa neno moja. Wengi husikiliza kwa heshima na kutikisa kichwa, maana hawajawahi kuombwa kumsahihisha mtu mwenye kalamu. Msaidizi mwenye haraka angeridhika. Mwenye ufundi hurudi aya ya kwanza, akasoma tena, akasubiri. Na mara nyingi ni hapo, mara ya pili, ndipo mzee anainua mkono. Si kwenye mauaji wala kwenye tarehe. Ni pale palipoandikwa kwamba aliondoka kwenye makazi yake.

Siyo makazi, mwanangu, anasema. Andika kaya.

Msaidizi anafuta, anaandika kaya, anageuza karatasi ili mzee aone, kisha anaendelea kusoma kuanzia hapo.